Chinese Text Project: inapofaa na inapoponza katika historia ya China ya kale

Anayeanza kusoma historia ya China ya kale, kipindi cha kabla ya Qin kuunganisha dola mwaka 221 K.K. pamoja na karne za nasaba ya Han zilizofuata, hachukui muda kufika ctext.org, tovuti iitwayo Chinese Text Project. Ilianzishwa na Donald Sturgeon. Kusoma ni bure, na menyu zake ziko kwa Kichina na kwa Kiingereza. Yenyewe inajitangaza kuwa na vitabu zaidi ya elfu thelathini na herufi zaidi ya bilioni tano.

Hukumu yetu iko hivi. Kwa kazi ya kutafuta, ni chombo cha daraja la kwanza, na kila mwanafunzi wa fani hii anapaswa kukifahamu vizuri. Kwa kazi ya kuamua, yaani maneno haya ni ya nani, ya lini, na kama kweli ni ya kale, haitoshi kabisa. Hapo ndipo wengi huteleza, kwa sababu ukurasa umepangwa vizuri mno, na msomaji husahau kwamba andiko lililo mbele yake limepita mikononi mwa wahariri na wanakili kwa zaidi ya miaka 2000.

Tuanze na uzuri wake. Sehemu yenye thamani kubwa ni ile ya maandiko ya kabla ya Qin na ya Han. Kila andiko limegawanywa katika sura, na sura katika aya zenye namba. Kando ya aya kuna vitufe vidogo: kimoja kinafungua kamusi inayoeleza aya herufi kwa herufi, kingine kinaleta aya sambamba, yaani mahali pengine ambapo maneno hayohayo, au yanayokaribiana nayo, yametumika. Kitufe hicho cha pili peke yake kinatosha kuipa tovuti hii heshima yake. Maandiko ya China ya kale hayakutungwa kama kitabu cha leo, mtu mmoja akiketi na kuandika kuanzia mwanzo hadi mwisho. Yalijengwa kwa vipande vilivyozunguka: hadithi fupi, methali, hoja, orodha. Xunzi, kitabu cha mwanafalsafa wa jina hilo, kina sura kuhusu muziki inayoshirikiana aya nzimanzima na sura ya Yueji katika Liji, kitabu cha taratibu za ibada. Sura ya Xunzi kuhusu ibada na taratibu inaonekana tena ndani ya Shiji, historia iliyoandikwa na Sima Qian enzi ya Han. Vitabu vya Lüshi chunqiu, Huainanzi, Hanshi waizhuan na Shuoyuan vimejaa visa vilevile vikisimuliwa kwa mabadiliko madogo. Ndiyo maana watafiti wengi wa sasa hupima aya kabla ya kupima kitabu. Kazi hiyo zamani ilihitaji meza iliyojaa faharasa za karatasi. Hapa ni kubofya mara moja.

Tazama kazi yenyewe kwa karibu. Fungua utafutaji wa kina, weka eneo liwe maandiko ya kabla ya Qin na Han, kisha tafuta 道心, “moyo wa Njia”. Miongoni mwa matokeo mtakuwa na Shangshu (mkusanyiko wa hotuba na hati za wafalme wa kale, huitwa pia Shu), sura ya Da Yu mo, yenye maneno 16 mashuhuri: 人心惟危,道心惟微,惟精惟一,允執厥中. Moyo wa binadamu u hatarini, moyo wa Njia ni mwembamba, uwe makini, uwe na nia moja, ushike kwa dhati kilicho katikati. Maneno haya yanadaiwa kuwa wosia wa mfalme Shun kwa mrithi wake Yu, na kuanzia enzi ya Song (960–1279 B.K.) wanafalsafa waliyafanya nguzo ya mafundisho yao. Lakini matokeo yaleyale yatakuonyesha pia Xunzi, sura ya Jiebi: 人心之危,道心之微. Na Xunzi hasemi ameyatoa katika Shu. Anataja kitu kinachoitwa Daojing, ilhali mahali pengine anaponukuu Shu huitaja waziwazi. Sasa tafuta 允執. Utafika Lunyu (mkusanyiko wa kauli za Kongzi, yaani Confucius) 20.1, ambako Yao, mfalme wa kabla ya Shun, anamwambia Shun 允執其中. Ukiviweka vipande hivyo pamoja, unaona kiraka: nusu imetoka kwa Xunzi, nusu imetoka katika Lunyu, na mshonaji ameongeza uzi wa katikati.

Huo ndio uchunguzi alioufanya msomi Yan Ruoqu (1636–1704), kwa kumbukumbu na karatasi tu, alipothibitisha kwamba sura 25 za Shangshu ziitwazo za “maandishi ya kale” ziliungwaungwa baadaye sana na kutokea katika karne ya 4 B.K., zikihusishwa na Mei Ze wa nasaba ya Jin ya Mashariki. Vipande vya mianzi vilivyoandikwa zamani, vilivyotolewa kwa Chuo Kikuu cha Tsinghua mwaka 2008 vimemuunga mkono. Andiko la Yin gao lililomo humo, pamoja na lile la Fu Yue, halifanani na sura zenye masimulizi hayohayo katika toleo tulilorithi.

Ubora na kasoro vimekaa hapo pamoja. Tovuti inakupa zana za kumkamata mghushi, lakini haikuambii kwamba yupo. Katika orodha ya sura, Da Yu mo imekaa bega kwa bega na Pan Geng, ambayo haimo katika hizo 25, na utafutaji hauzitengi. Anayehesabu neno fulani limetokea mara ngapi “kabla ya Qin” anahesabu pia maneno ya karne ya 4 B.K. Dawa yake ni kutotafuta katika Shangshu nzima kwa mkupuo. Kama swali lako linahusu mwanzo wa Zhou ya Magharibi, nasaba iliyoishinda Shang, chagua sura ambazo watafiti wengi wanazikubali kuwa za kale: Da gao, Kang gao, Jiu gao, Shao gao, Luo gao. Tengeneza orodha yako ya sura 25 zenye shaka, uibandike kando ya kompyuta, na kila tokeo linaloangukia humo liweke pembeni.

Mtego wa pili ni ule wa toleo lililorithiwa dhidi ya lililochimbuliwa. Laozi, kitabu cha Njia kiitwacho pia Daodejing, katika tovuti hii inaanza kama inavyoanza kila mahali: 道可道,非常道. Mwaka 1973, katika kaburi namba 3 la Mawangdui, Changsha, lililofungwa mwaka 168 K.K., zilipatikana nakala mbili za Laozi juu ya hariri. Zote mbili zinatanguliza sehemu ya De (fadhila) na kufuatisha ya Dao (Njia), kinyume cha mpangilio tulioupokea. Na penye 常, “ya kudumu”, pana 恆. Sababu inajulikana: Liu Heng alipotawala kama mfalme Wen (180–157 K.K.), herufi ya jina lake ilikuwa mwiko, hivyo wanakili waliibadilisha. Vivyo hivyo 邦, “nchi”, iligeuzwa 國 kwa kuepuka jina la Liu Bang, mwanzilishi wa Han. Matokeo yake kwa mtumiaji ni haya: ukitafuta 恆 ndani ya Laozi ya kawaida na kuhitimisha kwamba mwandishi hakulipenda neno hilo, umepima adabu ya makarani wa Han, hukumpima mwandishi.

Mianzi ya Guodian, iliyochimbuliwa mwaka 1993 huko Hubei katika kaburi la mnamo 300 K.K., inapiga kwa nguvu zaidi. Sura ya 19 tuliyoirithi inasema 絕仁棄義, katilia mbali utu, tupa uadilifu, maneno yaliyosomwa kwa karne nyingi kama shambulio dhidi ya wafuasi wa Kongzi. Katika mianzi ya Guodian maneno hayo hayamo. Mahali pake pana kauli nyingine, ambayo wataalamu bado wanabishana namna ya kusoma herufi zake, lakini kwamba si 仁 na 義 hakuna ubishi. Hoja nzima ya uadui wa tangu mwanzo kati ya pande hizo mbili inapungua nguvu kwa mabadiliko ya herufi chache.

Tovuti ina kikasha cha maandiko yaliyochimbuliwa, yakiwemo ya Guodian na Mawangdui, na tunaishukuru kwa hilo. Ila kikasha hicho ni kidogo ukilinganisha na yaliyokwisha kutolewa, na yamechapwa kwa herufi za leo. Karani wa dola ya kale ya Chu aliandika herufi moja, mhariri akaamua isomeke kama nyingine, na uamuzi huo ni hoja ya kitaalamu ambayo yafaa uione na kuipima. Kwa Guodian, kwa mianzi ya Makumbusho ya Shanghai na ya Tsinghua, hakuna njia ya mkato: shika juzuu zenye picha za kila kipande, unukuzi wa moja kwa moja, na maelezo ya wahariri. Na kumbuka kwamba ya Shanghai na ya Tsinghua yalinunuliwa sokoni, hayakuchimbuliwa na wanaakiolojia. Hatujui yalitoka kaburi lipi. Guodian ina kaburi, ina vyombo vilivyozikwa pamoja, ina tarehe inayoweza kutetewa. Mizani haiwezi kuwa moja.

Sasa menyu. Tovuti imepanga vitabu kwa mikondo ya fikra: Rujia (wafuasi wa Kongzi), Mojia (wa Mozi), Daojia (wa Njia), Fajia (wa sheria), Mingjia (wa majina), Bingjia (wa vita) na kadhalika. Kwa anayetafuta kitabu, ni rahisi na haraka. Kwa anayefikiri kihistoria, ni mpangilio wa kuutazama kwa jicho kali. Majina mengi kati ya hayo yalipangwa na wataalamu wa Han: Sima Tan, aliyefariki mwaka 110 K.K., alitaja mikondo 6, na baadaye Liu Xiang na mwanawe Liu Xin, walipokuwa wakipanga maktaba ya ikulu, wakawa na rafu za kujaza. Hakuna ushahidi kwamba mtu wa karne ya 4 K.K. alijiita mfuasi wa “Fajia”. Liu Xiang mwenyewe ameacha maelezo ya kazi yake juu ya Xunzi: alikusanya mafungu 322, akaondoa 290 yaliyojirudia, akabaki na 32. Hizo 32 ndizo tunazozisoma leo kwa mpangilio ambao nao ulibadilishwa tena enzi ya Tang (618–907 B.K.). Ukibofya “Xunzi” unafungua kazi ya mhariri wa Han kabla hujafika kwa Xunzi.

Tarehe zinazobandikwa mbele ya vitabu zina tatizo lilelile. Lunyu imepewa 480–350 K.K. Hiyo ni rai inayoheshimika, lakini ni rai. Wako watafiti wanaoshikilia kwamba Lunyu kama kitabu kimoja ilikusanywa Han ya Magharibi, wakielekeza kwamba ni vigumu kumpata mwandishi wa kabla ya Han anayeinukuu kwa jina. Nakala za kwanza zilizochimbuliwa zinatoka makaburi ya Han: ile ya Dingzhou, iliyopatikana mwaka 1973 katika kaburi la mnamo 55 K.K., na ile ya kaburi la Liu He, aliyefariki mwaka 59 K.K. Kauli zilizomo zaweza kuwa za kale zaidi, na huenda nyingi ni za kale kweli. Lakini umri wa kauli na umri wa mkusanyiko ni mambo mawili, na lebo ya tovuti haina nafasi ya kuyatenganisha.

Kuhusu kuandika herufi kwenye kisanduku cha kutafutia, hapa kosa dogo huleta hasara kubwa. Tumia herufi za kimapokeo, usitumie zilizorahisishwa. Urahisishaji wa karne ya 20 uliunganisha herufi ambazo kale zilikuwa mbali: 后, “mtawala”, na 後, “baada ya”, zote leo huandikwa 后 katika China Bara. 云, “kusema”, na 雲, “wingu”, vivyo hivyo. Mbaya zaidi ni 于 na 於. Mwaka 1926 Bernhard Karlgren, mtaalamu wa Kichina kutoka Sweden, alizitumia hizo mbili, namna zinavyogawana kazi ndani ya kitabu cha historia Zuozhuan, kujenga hoja kwamba kitabu hicho kina sarufi yake yenyewe ambayo mghushi wa Han asingeweza kuibuni. Ukianza kwa kuzichanganya, umeuzima ushahidi kabla hujauona. Pia hakikisha kompyuta ina fonti yenye upana wa kutosha, mfano Hanazono. Ukiona visanduku vitupu katikati ya aya, ni fonti yako inayopungukiwa, na tovuti ina ukurasa wa kuijaribu.

Maktaba ya picha ni sehemu ambayo watu wengi hawaifiki, na ni hasara yao. Vitabu vingi vina picha za toleo la kuchapwa zamani, na maandishi yameunganishwa na picha ukurasa kwa ukurasa. Nukuu yoyote utakayoichapisha, ihakikishe hapo. Maandishi mengi ya maktaba hiyo yamesomwa na mashine, na mashine hukosea palepale macho ya binadamu yanapochoka: 己, 已 na 巳 hugeukana, maelezo madogo ya safu mbili hukatika, herufi iliyofifia hubuniwa. Watumiaji waliosajiliwa wanaweza kusahihisha, nao wanasahihisha, lakini kazi ni bahari. Angalia pia ni toleo gani. Picha za mikusanyiko miwili mikubwa, Sibu congkan na Siku quanshu, hazina uzito sawa: Siku quanshu ilinakiliwa kwa amri ya ikulu ya Qing katika karne ya 18, na makarani walibadilisha maneno yaliyowaudhi watawala. Na kote, alama za kituo ni za kisasa. Maandiko ya kale hayakuwa na koma wala nukta kwa namna hii, na wakati mwingine mabishano yote ni pale sentensi inapokatika.

Tafsiri za Kiingereza zilizowekwa kando ya Kichina zitumike kama fimbo ya kutembelea usiku, zisitumike kama ushahidi. Nyingi ni za James Legge, wa karne ya 19, mtu mwenye bidii na uaminifu mkubwa, lakini aliyesoma kabla mfupa mmoja wa ramli wa Anyang haujajulikana kwa wataalamu. Ya Sunzi, kitabu cha mbinu za vita, ni ya Lionel Giles, 1910. Alipoandika Legge “Mungu” au “dhambi”, rudi kwenye Kichina uone kama ni 帝, 天, 罪 au kingine. Usijenge hoja juu ya neno la mfasiri.

Kwa wenye ujuzi wa programu kuna Text Tools, inayotafuta maneno yanayofanana kati ya maandiko mawili na kuchora mtandao wa uhusiano wake. Andiko huitwa kwa anwani kama ctp:analects/xue-er. Taasisi zinazolipia hupata nafasi kubwa zaidi. Usitumie programu ya kupakua kurasa kwa wingi: imekatazwa, na kompyuta yako hufungiwa bila onyo.

Lipo pengo ambalo si kosa la tovuti, lakini lazima lisemwe. Mifupa ya kupigia ramli ya nasaba ya Shang na maandishi ya vyombo vya shaba hayamo kwa namna ya kufanyia kazi, nayo ndiyo mashahidi wa karibu zaidi tulio nao. Mkusanyiko mkuu wa mifupa, Jiaguwen heji, una vipande 41,956 katika juzuu 13 zilizotoka 1978–1982. Mwaka 1917 mwanahistoria Wang Guowei alilinganisha majina ya wafalme yaliyochorwa kwenye mifupa hiyo na orodha ya Sima Qian, akakuta orodha ni ya kuaminika kwa sehemu kubwa, ila mababu watatu wamekosewa mpangilio: Shiji inaweka Bao Ding, Bao Yi, Bao Bing, na mifupa inaweka Yi, Bing, Ding. Mtu aliye na ctext pekee angeweza kusoma Shiji maisha yake yote asilione kosa hilo. Mwaka 1925 Wang aliipa njia hii jina, ushahidi wa pande mbili, karatasi na ardhi. Katika miaka hiyohiyo mwanahistoria Gu Jiegang alikuwa akionyesha kwamba masimulizi ya wafalme wa mwanzo yameongezeka tabaka juu ya tabaka, kadiri mfalme anavyodaiwa kuwa wa kale ndivyo kisa chake kilivyochelewa kuandikwa. Ugomvi huo haujaisha. Tangu mwaka 1992, mwanahistoria Li Xueqin alipohimiza wenzake watoke katika enzi ya kutilia shaka mambo ya kale, wengi China wameegemea upande wa kuamini zaidi, na wengi nje wameona wamekwenda mbali mno, hasa baada ya mradi wa tarehe za nasaba za Xia, Shang na Zhou (1996–2000) kutangaza kwamba Zhou waliishinda Shang mwaka 1046 K.K. Chombo cha shaba kiitwacho Li gui, kilichopatikana mwaka 1976, kinathibitisha siku ya ushindi, jiazi (jina la siku katika kalenda ya kale), lakini hakitaji mwaka wa kuhesabika.

Hivyo mpangilio wa kazi tunaoupendekeza ni huu. Tafuta kwenye ctext kwanza, kwa herufi za kimapokeo, eneo likiwa dogo iwezekanavyo. Fungua aya sambamba na unakili zote, hata zinazopingana na wazo lako. Thibitisha kila herufi kwenye picha ya toleo. Kisha uliza kama andiko hilo lina nakala iliyochimbuliwa. Kama ipo, juzuu ya wachimbaji ndiyo ya kunukuu, na ctext inabaki kwenye daftari lako la rasimu. Maktaba inayolipia CHANT, hifadhidata ya maandiko ya kale ya Chuo Kikuu cha Kichina cha Hong Kong, itakurahisishia hatua hiyo ya mwisho kwa mianzi na hariri. Kama maktaba yako hailipii, safari ya kwenda kwenye rafu haiepukiki.